Ahadi Yenye Nukta Mbili

Mwishoni mwa mwaka 2010 watu waliosakinisha Fedora 14, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux, walianza kulalamika kwamba muziki wa mtandaoni unakwaruza. Nyimbo zilikuwa zilezile, spika zilezile, kompyuta ileile. Hata Flash ya kampuni ya Adobe, programu iliyokuwa ikichezesha sehemu kubwa ya sauti na video za intaneti siku hizo, haikuwa imeguswa. Kilichoguswa kilikuwa chini zaidi, mahali ambapo msikilizaji wa muziki hana sababu ya kupajua. Katika glibc, maktaba ya msingi inayotegemewa na programu nyingi mno za Linux, kazi moja ndogo iitwayo memcpy ilikuwa imeandikwa upya ili ikimbie zaidi kwenye vichakataji vipya.

Memcpy hunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta kwenda nyingine, basi. Lakini hata kunakili kuna mwelekeo. Tuseme kuna visanduku vitano vyenye herufi S, A, L, I, M, na amri ni kuzihamisha herufi nne za mwisho nafasi moja kushoto. Mashine ikianzia kushoto, A inakaa pa S, L inakaa pa A, I pa L, M pa I. Matokeo ni ALIMM, na herufi nne za mwanzo ndizo zilizotakiwa. Ikianzia kulia, M inakaa kwanza pa I. Kisha inapofika zamu ya kuichukua I, I haipo tena. Mahali pake pana M, na hiyo M ndiyo inayokwenda kukaa pa L. Hadi mwisho wa safari visanduku vyote vitano vinasoma MMMMM. Memcpy ya zamani ilikwenda kwa mwelekeo usioleta madhara. Mpya, kwenye baadhi ya vichakataji, ilianzia mwisho. Na Flash, bila mtu kujua, ilikuwa ikiitumia kwenye sehemu za kumbukumbu zinazoingiliana.

Nani alikosea? Kanuni rasmi za lugha ya C zinasema waziwazi kwamba memcpy isitumiwe pale sehemu mbili zinapoingiliana. Kwa kazi hiyo ipo nyingine, memmove. Kwa hiyo waliokuwa upande wa glibc walikuwa na maandishi mkononi: Adobe walivunja sharti, wajirekebishe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingia mwenyewe kwenye majadiliano ya ripoti ya hitilafu hiyo na kushika upande wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba kumwonyesha mtumiaji kifungu cha kanuni hakumrudishii sauti. Jana ilikuwa inafanya kazi, leo haifanyi, na aliyebadilisha kitu anajulikana.

Ugomvi huu una sura ya kiufundi, lakini wanafalsafa na mafakihi wamekuwa wakiujadili karne nyingi kabla ya kompyuta. Ahadi ni nini hasa: ni maneno yaliyotamkwa, au ni matumaini yaliyojengeka kwa anayeyasikia? Na siku ikidaiwa kwamba ahadi imevunjwa, nani mwenye haki ya kusema haikuvunjwa? Watengenezaji wa programu walijaribu kulijibu swali hilo kwa tarakimu tatu na nukta mbili.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Uliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na maandishi yanayofuatwa leo yalitoka mwaka 2013 yakiwa na namba yake yenyewe, 2.0.0. Maktaba ikitoka 2.4.1 kwenda 2.4.2, mtoaji anasema amerekebisha hitilafu na hakuna jingine. Ikienda 2.5.0, ameongeza kitu, na vya zamani vyote vipo kama vilivyokuwa. Ikienda 3.0.0, amevunja: kuna kitu ulichozoea kukiita ambacho hakitaitika, au kitaitika kwa namna nyingine. Chini ya 1.0.0 hakuna ahadi. Lolote laweza kubadilika saa yoyote. Toleo likishatoka halibadilishwi ndani kwa siri. Hata likiwa na kosa, linaachwa lilivyo na marekebisho yanatoka kwa namba mpya. Na kabla ya yote lipo sharti ambalo wengi huliruka: mtoaji atangaze kwanza kiolesura chake, ile sehemu ambayo wasanidi wa Nairobi na Dar es Salaam huiita API tu, ili ijulikane kipi kinaahidiwa na kipi ni mambo yake ya ndani.

Uzito wa namba hizi unatokana na anayezisoma, ambaye mara nyingi si mtu. Msanidi huandika mara moja kwamba anataka maktaba fulani, kwa alama kama ^2.4.1, maana yake toleo lolote kuanzia hapo mradi lisifike 3.0.0. Tangu siku hiyo mashine inaweza kuvuta matoleo mapya kila programu inapojengwa upya, bila kumuuliza yeyote. Tarakimu ya katikati ikisema uongo, uongo huo unaingia kwenye mifumo ya watu ambao hawakupata nafasi ya kuusoma, sembuse kuukataa.

Hapo ndipo namba inapoonyesha asili yake. Ni ushahidi juu ya nia. Anayeandika 2.4.2 anashuhudia kwamba hakukusudia kuvunja. Hawezi kushuhudia kwamba hakuna kilichovunjika, kwa kuwa kilichovunjika, kama kipo, kiko kwa mwenzake, ndani ya programu asiyoijua, iliyoandikwa na mtu asiyemfahamu. Hata kurekebisha hitilafu ni kubadilisha tabia, na huenda kuna mtu aliyeijenga nyumba yake juu ya hitilafu hiyohiyo.

Hyrum Wright, mhandisi wa Google aliyefanya kazi ya kubadilisha maktaba zinazotumiwa na maelfu ya wenzake, aliliona jambo hili kila siku hadi wenzake wakaliita kwa jina lake, Sheria ya Hyrum. Kwa ufupi inasema hivi: kiolesura kikipata watumiaji wa kutosha, ulichoahidi kwenye mkataba hakina tena umuhimu, kila tabia inayoonekana ya mfumo wako itakuwa na mtu anayeitegemea. Mpangilio wa majibu, maneno ya ujumbe wa kosa, hata muda kazi inaochukua kukamilika. Yote yasiyoahidiwa, na yote yenye wategemezi.

Kenya iliishuhudia sheria hiyo nje ya maabara ya Google. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi nchini humo zilianza na 07. Mwaka 2019 zikaanza kutoka namba mpya zinazoanza na 01, kwa sababu akiba ya zamani ilikuwa ikielekea kwisha. Hakukuwa na tangazo lolote la huko nyuma lililoahidi kwamba simu ya mkononi itaanza na 07 milele. Lakini fomu yoyote iliyoandikwa kukagua kwamba namba inaanza na 07 ilimwambia mwenye laini mpya kwamba namba yake si sahihi, ilhali simu ipo mkononi mwake na inaita. Mwandishi wa fomu ile hakuwa mzembe kupita kiasi. Alitazama ulimwengu, akaona unavyoenda, akauamini.

Wanazuoni wa fikihi wana msamiati wa kulieleza jambo hili kwa usahihi ambao wahandisi wangeuonea wivu. Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika al-Ashbah wan-Nadhair, kitabu cha kanuni za fikihi katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kinafunguliwa na kanuni kuu tano ambazo matawi mengine mengi hurejeshwa kwazo. Ya kwanza inayapima mambo kwa makusudio yake. Ya tano inaifanya ada kuwa hakimu. Utaratibu wa Preston-Werner umesimama juu ya ya kwanza, kwa kuwa namba inatangaza kusudio la mtoaji. Sheria ya Hyrum ni mwangwi wa ya tano.

Kutoka kwenye kanuni ya ada mafakihi walitoa tawi linaloligusa suala hili moja kwa moja: kinachojulikana kwa mazoea ya watu huhesabiwa kama kilichowekewa sharti. Mfano wao wa kawaida ni wa sokoni. Mtu akiuza kitu kwa dinari kumi bila kutaja dinari zipi, malipo ni kwa sarafu inayozunguka katika mji ule. Muuzaji hawezi kusimama kesho na kudai sarafu ya mji mwingine kwa hoja kwamba mkataba haukutaja. Mkataba ulitaja, kupitia midomo ya mji mzima. Kanuni hiyo ilikuja kuingizwa pia kwenye Majalla, sheria za madai zilizokusanywa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876.

Kwa kipimo hicho, mtoaji wa kiolesura aliyenyamaza juu ya jambo fulani kwa miaka kumi, huku akiona kila mtu analitegemea, hawezi kulibadilisha ndani ya toleo dogo na kujitetea kwamba hakuandika popote. Kimya chake kilijazwa na ada. Ikiwa majibu ya mfumo wake yamekuwa yakirudi yamepangwa kwa alfabeti tangu siku ya kwanza, na anajua wateja wake wanayasoma hivyo, kuuondoa mpangilio huo ni jambo la tarakimu ya kwanza hata kama nyaraka haziutaji.

Lakini kanuni ya ada ina mpaka, na mafakihi waliuweka mapema. Ada hufanya kazi pale pasipo na sharti la wazi linaloipinga. Wawili wakikubaliana kwa maneno kwamba malipo ni ya sarafu fulani, mazoea ya mji hayana nafasi tena. Sasa turudi kwa memcpy. Sharti la kutoingiliana kwa kumbukumbu lilikuwa limeandikwa waziwazi, na memmove ilikuwepo kwa ajili ya wenye haja hiyo. Mbele ya kadhi mwenye msimamo, Flash inashindwa kesi.

Ila kesi haiishi kwa kumjua mkosaji, kwa sababu aliyeumia hakuwa mmoja wa wagombanao. Adobe ilikosea, glibc ilibadilisha, na aliyesikia mikwaruzo alikuwa mtu wa tatu aliyetaka kusikiliza muziki tu. Kanuni ya nne kati ya zile tano yasema madhara huondolewa, nayo haisubiri kumaliza kumtafuta wa kulaumiwa. Ina tawi lake pia: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kuwapunguzia kasi watumiaji wote wa Linux milele kwa sababu ya kosa la programu moja kungekuwa kuhamisha mzigo tu, kutoka bega moja hadi jingine.

Suluhisho lililotoka mwaka 2011 katika glibc 2.14 lilifuata njia hiyo, ingawa hakuna ushahidi kwamba yeyote kati ya waliolitoa alikuwa amemsoma Suyuti. Maktaba ile ina uwezo wa kubeba matoleo mawili ya kazi moja kwa wakati mmoja. Programu zilizokuwa zimekwisha kujengwa zikapewa memcpy yenye tabia ya memmove, isiyoharibu hata sehemu zikiingiliana. Programu zitakazojengwa baada ya hapo zikapewa memcpy mpya, ya kasi, yenye sharti lake kamili. Waliojenga chini ya ada ya zamani waliachiwa ada yao. Wanaokuja wanalikuta sharti mlangoni.

Falsafa ya Magharibi nayo imegawanyika katika pande hizihizi. David Hume, katika kitabu chake cha 1739 na 1740 kuhusu maumbile ya binadamu, alishikilia kwamba neno la ahadi halina nguvu ya kufunga kwa lenyewe. Nguvu yake inatokana na mapatano ya jamii, yaliyobuniwa kwa sababu watu wanahitaji kutegemeana. Mwaka 1998 T. M. Scanlon wa Chuo Kikuu cha Harvard alilijadili suala hilo kwa kuanzia kwa anayeahidiwa: kosa la kuvunja ahadi ni kumfanya mwenzako kwa makusudi atarajie jambo analolijali, kisha kumwacha njiani. Kwa Hume, namba tatu ni desturi ya kundi na anayezitumia amejiingiza katika desturi hiyo. Kwa Scanlon, namba ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo mtoaji amemfanya mwenzake ayatarajie.

Mfano wa React unaonyesha tofauti hiyo inavyouma. Maktaba hii ya kutengenezea kurasa za tovuti, kazi ya Facebook, ilikaa miaka chini ya 1.0.0: 0.12, 0.13, 0.14. Kwa maandishi ya utaratibu, sifuri inamaanisha hakuna kilichoahidiwa. Kwa matendo, Facebook yenyewe iliiendeshea tovuti yake, na makampuni mengine yakahimizwa kuitumia. Mnamo Aprili 2016 React iliruka kutoka 0.14 hadi 15.0, na wenyewe wakaeleza kwamba wanataka namba iseme ukweli uliokwisha kuwepo: maktaba ilikuwa imekomaa na watu walikuwa wanaitegemea. Sifuri yao ilikuwa imepitwa na ada zamani.

Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 22 Machi 2016, sifuri nyingine ilikuwa imewasimamisha watu kazi. Msanidi Azer Koçulu alikuwa na vifurushi vyake kwenye npm, ghala kuu la maktaba za lugha ya JavaScript. Kimoja kiliitwa kik. Kampuni ya Kik ilitaka jina hilo, npm ikaipa, na Koçulu kwa hasira akaviondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Miongoni mwao kilikuwemo left-pad, mistari 11 ya msimbo inayoongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa neno hadi lifike urefu unaotakiwa. Babel, chombo kilichotumiwa na wasanidi wengi mno, kilikitegemea kupitia vifurushi vingine. Kazi za kujenga programu zikaanza kushindwa sehemu mbalimbali za dunia kwa takribani saa mbili na nusu.

Toleo lililotafutwa na wote hao lilikuwa 0.0.3. Kisheria halikuahidi chochote. Na hapa pana kioja cha namba: msanidi mwingine alitoa haraka left-pad mbadala yenye kazi ileile, akaipa 1.0.0, na haikusaidia, kwa sababu vifurushi vingi vilikuwa vimetaja 0.0.3 kwa jina. Mwishowe npm wakalirudisha toleo lilelile lililoondolewa, kisha wakabadilisha masharti yao ili kifurushi kinachotegemewa na wengine kisiweze kuondolewa kirahisi.

Je, Koçulu alivunja ahadi? Programu za chanzo huria hutolewa bure, na leseni zake za kawaida husema wazi kwamba kitu kinatolewa kilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Hiyo si biashara. Ni hiba, na hukumu za hiba si za mauzo. Katika fikihi ya Shafii, hiba hukamilika pale aliyepewa anapokabidhiwa mkononi. Kabla ya hapo mtoaji anaweza kughairi. Baada ya hapo hawezi kurudi nyuma, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Kwa kipimo hicho kuna mstari unaowagawa walioathirika siku ile. Aliyekuwa na nakala ya left-pad kwenye hifadhi yake mwenyewe alikuwa amekwisha kukabidhiwa, na kazi yake iliendelea kama kawaida. Aliyekwama ni yule ambaye kila asubuhi alirudi ghalani kuchukua hiba ileile upya, akidhani mlango uliokuwa wazi jana ni sehemu ya zawadi.

Ni hukumu kali kwa mpokeaji, na si ya haki yote. Ghala la npm lilijengwa ili watu warudi kuchukua, na waliolijenga ndio waliowazoesha. Kwa jicho la Scanlon, aliyetengeneza matarajio hayo ni npm zaidi kuliko Koçulu, na kwa kubadilisha masharti ghala lilikubali mzigo huo. Hata hivyo mpokeaji naye ana wajibu, na kanuni ya pili ya Suyuti inauelezea vizuri: yakini haiondolewi kwa shaka. Toleo lililojaribiwa likafanya kazi ni yakini. Toleo jipya, hata liwe na namba ya unyenyekevu kiasi gani, ni shaka hadi lijaribiwe. Ndiyo sababu wasanidi makini huweka faili inayofunga kila kifurushi kwenye toleo lake halisi, na hawalifungui hadi majaribio yapite. Anayeacha mlango wazi kwa ^2.4.1 bila majaribio amekasimu hukumu yake kwa mgeni, kisha analalamika kwamba mgeni amehukumu.

Kusema ukweli kwenye namba hakumalizi mambo. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 na tarakimu yake ya kwanza haikumficha mtu. Wenyewe walitangaza kwamba wanavunja. Amri ya print iligeuka kuwa kazi inayohitaji mabano. Kugawanya 3 kwa 2, ambako katika Python 2 kulitoa 1, sasa kulitoa 1.5. Badiliko hili la pili ni la hatari zaidi kuliko la kwanza. Print isiyo na mabano inakataa palepale na kumwambia msanidi mahali pa kurekebisha, lakini hesabu ya kugawanya haikatai. Inaendelea na jibu jingine, na bili au ripoti inatoka na tarakimu tofauti bila kelele. Mwisho wa Python 2.7 uliwekwa kwanza kuwa 2015, ukasogezwa hadi mwanzo wa 2020, kwa kuwa watu hawakuwa wamehama. Zaidi ya miaka 11 ilipita kati ya ahadi mpya na kufungwa kwa ya zamani. Uaminifu wa namba ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichochukua muda ni kuwabeba watu.

Rich Hickey, aliyebuni lugha ya Clojure, aliutumia ukweli huu mwaka 2016 kuushambulia utaratibu mzima. Katika hotuba yake alidai kwamba kupandisha tarakimu ya kwanza ni namna ya adabu ya kumwambia mtu kwamba unamharibia, na kwamba adabu haipunguzi uharibifu. Pendekezo lake lilikuwa kukua bila kuvunja: toa zaidi, dai pungufu. Na ikiwa unataka kitu chenye tabia nyingine, kipe jina lingine, uliache la zamani na wenyewe. Miaka miwili baadaye Russ Cox na wenzake wa lugha ya Go waliiweka fikra inayokaribiana nayo ndani ya vifaa vyao. Katika Go, moduli ikifika toleo la pili linalovunja, jina lake lenyewe hubadilika na kubeba v2 mwishoni, hivyo programu moja yaweza kuzitumia zote mbili kwa pamoja bila kugombana. Ni jamaa wa suluhisho la glibc: watu wa ada ya zamani na watu wa sharti jipya wanaishi chini ya paa moja.

Aliyelifikisha wazo hilo mbali kuliko wote ni Donald Knuth. TeX, programu yake ya kupanga vitabu na hasa hesabu, haina mpango wa kufika 4.0. Tangu toleo la 3, kila marekebisho huongeza tarakimu moja ya pai: 3.14, 3.141, na kuendelea. Ya mwaka 2021 ilifikia 3.141592653. Knuth ameagiza kwamba akifariki namba iwe pai yenyewe, na hitilafu zitakazobaki zisihesabiwe tena kuwa hitilafu. Anayetaka kuibadilisha yuko huru, mradi asiiite TeX. Ndiyo sababu kuna pdfTeX, XeTeX na LuaTeX, kila moja na tabia zake na jina lake.

Njia ya majina mapya ina bei, na bei hiyo haionekani kwenye namba yoyote. Kila tabia ya zamani inayohifadhiwa inahitaji mtu wa kuitunza, kuizibia mianya ya usalama, na kuikumbuka pale vichakataji vinapobadilika tena. Kampuni kubwa inaweza kumlipa mtu huyo. Msanidi mmoja anayetoa kifurushi chake jioni baada ya kazi hawezi, na kumdai akibebe milele kwa sababu watu wamekizoea ni kuigeuza hiba yake kuwa deni. Hapa kanuni ya ada inahitaji kusomwa pamoja na uwezo wa anayefungwa nayo. Ghala la npm na msanidi wa mistari 11 hawawezi kupimwa kwa mzani mmoja, hata kama wote wawili waliwazoesha watu.

Kwa Python 2.7 bei hiyo ilipata mlipaji. Wenyewe walipofunga kazi mwaka 2020, Red Hat iliendelea kuitunza kwa wateja wake hadi 2024, kwa mikataba ya kulipia, yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Hapo hiba iliisha, mauzo yakaanza, na mteja aliyetaka 3 gawanya kwa 2 iendelee kuwa 1 alijua anamlipa nani na hadi lini. Wasiokuwa na uwezo wa kulipa walibaki na njia mbili: kuhama kwenda Python 3, mstari kwa mstari, au kuendelea na nakala ambayo hakuna anayeitunza. Tarakimu tatu za toleo zilikuwa zimekwisha kuwaambia kwamba siku hiyo inakuja. Nani angewasaidia kuivuka, tarakimu hazikuwa na nafasi ya kulisema.